Kiwanja Nilichowaazima kwa Siku Moja

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliposimama: nje ya nyumba yangu mwenyewe, natazama alama ya X nyekundu ukutani, na rangi bado inachuruzika. Kwa aliyefika leo nitasema kwa ufupi, maana aibu yangu ni ndefu na ukurasa ni mdogo.

Jina langu ni Fortunato Callisaya. Kazi yangu ni kudarizi mavazi ya wacheza ngoma za sikukuu. Nina mke, Encarna, binti mmoja, Nayra, na mama mkwe mmoja anayetosha wawili. Tunaishi Loma Retama, mtaa ulioning'inia mlimani juu ya mji, kwenye nyumba ya matofali ya ghorofa moja niliyoijenga kwa mikono hii.

Mwezi uliopita lori la manispaa lilipanda mlima limebeba mabunda ya nyasi za plastiki. Mafundi walikuja kukarabati uwanja wa mpira. Wakaikuta nyumba yangu imesimama katikati ya uwanja.

Kwenye ramani ya mipango miji, pale kwangu pamepakwa kijani. Eneo la wazi, mali ya umma, pa kuchezea watoto. Tukapewa siku thelathini kabla ya bomoabomoa. Encarna anaamini ni kosa la mchora ramani, nami nimemwacha aamini hivyo.

Leo nawaambieni nyinyi kitu ambacho mke wangu hajaambiwa kwa miaka kumi na mmoja. Uwanja ule niliutoa mimi.

Enzi hizo Loma Retama haikuwa na hati hata moja. Manispaa ilisema haipitishi ramani ya mtaa ambao haujatenga ardhi ya umma. Sasa sisi tungeitoa wapi? Aliyetuuzia mlima aliuuza wote, hadi ukingo wa korongo. Hata njia ya kupita tuliipata baada ya kila mtu kukata hatua mbili za kiwanja chake.

Wakaguzi walipotangaza kuja, alinijia mwenyekiti wetu, Don Zenobio Tarqui. Huyu ndiye aliyemsimamia Nayra ubatizo, na tangu siku hiyo tunaitana kompadre.

"Kompadre, kiwanja chako ndicho pekee kilicho tambarare, na bado hujajenga. Tuazime kwa siku moja."

"Mkifanyie nini?"

"Kiwe uwanja."

Kwetu jirani akiomba hivyo huulizi mara mbili. Tuna desturi, tunaiita ayni: leo nakubebea tofali, kesho unanibebea. Watu ishirini walikuwa wamenibebea mawe ya msingi kutoka bondeni, wakala viazi, wakaenda zao. Ningewanyimaje siku moja?

Jumamosi tukasimamisha magoli ya mikaratusi na kuchora mistari kwa chokaa. Kila nyumba ikaleta mche kwenye kopo, tukaizika pembeni na makopo yake. Don Zenobio akammwagia Mama Ardhi bia kwenye pembe nne, kama tunavyofanya kila tunapoanza jambo la maana, akatamka kwa sauti kwamba hapa ni pa watoto. Mimi nilisikia baridi mgongoni. Nikajiambia ni upepo.

Wakaguzi walikula, kisha tukawaomba wacheze nasi. Mpira ulitumbukia korongoni mara nne, lakini tuliwaachia wakashinda tano kwa mbili. Mchora ramani ndiye aliyekuwa kipa wao. Aliichora ramani yetu viatu vyake vikiwa vyeupe kwa chokaa.

Jumapili magoli yaling'olewa na kila mtu akarudi nyumbani na mche wake. Jumatatu nikaanza kujenga.

Katibu wa mtaa nilikuwa mimi, na hadi leo ni mimi. Muhtasari niliuandika kwa mkono wangu: "Wenye kiwanja wanakitoa kwa watoto wa Loma Retama, leo na daima." Don Zenobio aliniambia hiyo daima ni ya kwenye makaratasi tu. Nyumba themanini na tatu zikapata hati. Ya kwetu, kila Encarna alipouliza, nilisema inashughulikiwa.

Sasa turudi Jumanne hii, ofisi ya mipango miji.

Encarna alivaa kofia yake ya sherehe na shali ya harusi. Nilimfuata nyuma nikiwa nimeshika bahasha. Aliyetupokea ni Bi Wilma Arandia, afisa mipango miji ambaye watu humwita Bi Msanifu, mwanamke kijana mwenye miwani na kikombe cha chai kilichopoa zamani. Alisoma faili letu kurasa zote. Nilimwomba Mungu alifunge. Hakulifunga.

"Mama, hapa kuna kitu," alisema. "Kiwanja hiki kilinunuliwa kwa majina mawili. Lako na la mumeo."

"Ndiyo, Bi Msanifu. Mama yangu aliuza ng'ombe wake wote wa kule ziwani ili tukipate. Ndiyo maana na mimi nimo."

"Basi ardhi ya wawili haitolewi na mmoja. Kama wewe hukusaini, huo utoaji ni batili. Pale kwenu hapakuwahi kuwa eneo la wazi, na nyumba yako haiguswi."

Encarna alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Mimi? Mimi sijawahi kusaini! Mwezi mzima ule nilikuwa ziwani namuuguza mama. Fortu, sema! Si nilikuwa ziwani?"

"Ulikuwa ziwani," nilisema.

"Umesikia, Bi Msanifu? Nilikuwa ziwani!"

Bi Wilma aliinua karatasi kuelekea dirishani. "Nakala hii inaonyesha saini mbili, ila imefifia. Nahitaji kitabu chenyewe cha mihutasari. Jumapili nitakuja kwenye mkutano wenu na mhuri wangu, tumalize."

"Na nikikuta mtu kaniandikia jina langu?"

"Huko ni kughushi, mama. Aliyefanya hivyo atakwenda jela."

"Aende!" Encarna alicheka, mara ya kwanza mwezi huu. "Na mkate nitampelekea mimi mwenyewe, nimtazame anavyoutafuna."

Ndugu msomaji, mkono ulioandika jina lile ni huu unaoandika safu hii.

Wakaguzi walitaka saini mbili kabla ya saa kumi, na Encarna alikuwa mwendo wa saa nne kwa basi. Don Zenobio akaninong'oneza, "Mume na mke ni mwili mmoja, kompadre." Nami ni mdarizi. Nikiona ua mara moja, nalitoa kwa uzi vilevile lilivyo. Jina la mke wangu nilikuwa nimeliona mara mia. Nililiandika lote, pamoja na ule mkia mrefu anaouvuta chini yake na kuukunja mwishoni. Hata yeye angelitazama angesema ni lake.

Njiani Encarna alininunulia sambusa ya moto na kunifuta mchuzi kidevuni kwa ncha ya shali yake. Nilitamani angenipiga kofi.

Jumatano nilikwenda kwa Don Zenobio. Nilimkuta dukani kwake akipanga mitungi ya gesi.

"Kompadre, kitabu cha mihutasari kipotee."

"Kipotee?" Aliuachia mtungi. "Umelewa asubuhi hii?"

"Nyumba yangu inabomolewa."

"Naijua habari yako. Sasa sikia ya kwetu. Pasipokuwa na eneo la wazi, hakuna ramani. Pasipokuwa na ramani, hati themanini na tatu ni karatasi za kufungia karanga. Ukichana ukurasa ule umechana paa langu, na la Basilia mjane, na la kila aliyekubebea mawe."

"Na paa langu mimi?"

Alikaa juu ya mtungi. Zenobio si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

"Tutakuja wote," alisema. "Mtaa mzima. Tutakubebea matofali moja baada ya jingine, hata moja halitavunjika. Ayni ni ayni."

"Mtanibebea mpeleke wapi?"

Alisugua goti lake muda mrefu.

"Mwambie Encarna aseme alisaini," alisema mwishowe. "Ni mkeo, atakuelewa."

"Humjui Encarna."

"Namjua sana. Ndiyo maana nakutuma wewe."

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Alhamisi nilimkuta jikoni akimenya viazi, nikasema, "Encarna, kuhusu lile jina," akanikatiza: "Usiwe na wasiwasi, Fortu, tutampata huyo mshenzi." Nikachukua kisu nikamsaidia kumenya.

Ijumaa nilimkuta nje. Alikuwa amechanganya chokaa kwenye ndoo, anaipaka X ile huku anaimba. Nayra alikuwa amemshikia ngazi. Nikawatazama wawili hao, nikarudi ndani kwenye uzi wangu.

Jumamosi alinikamata mama mkwe. Doña Leocadia hukaa kwenye kigoda karibu na jiko, shavu limejaa majani ya koka, na hunitazama kama mtu anayekagua punda kabla ya kumnunua.

"Mkwe, unatembea kama mwenye jiwe ndani ya kiatu."

"Ni miguu tu, mama."

"Si miguu. Niambie, kabla hujajenga hapa, mlimmwagia Mama Ardhi?"

"Tulimmwagia."

"Mlimwambia pawe pa nani?"

Ningeweza kumdanganya Bi Wilma. Ningeweza kumdanganya hata padri. Lakini yule kikongwe alikuwa amenikazia macho.

"Pa watoto," nilisema.

Aliacha kutafuna. "Mlimpa, kisha ukajenga juu yake?"

"Ilikuwa ya kuwadanganya wakaguzi, mama."

"Wakaguzi wamekuja na kuondoka. Yeye yupo hapahapa chini ya kitanda chako." Alitema majani kwenye kiganja, akayatazama, akayatupa motoni. "Sijui ulichofanya kingine, na sitaki kukijua kutoka kwako. Mwambie mwanangu. Nakupa mpaka kesho."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi yangu nilikuwa nimeyaficha miaka kumi na mmoja. Nililala chali pembeni ya Encarna, maneno yamenijaa mdomoni. Aliniwekea mguu wake wa baridi juu ya wangu na kuniambia hati ikitoka tutaweka dirisha la kioo upande wa mlima Illimani. Nikasema sawa.

Jumapili ikafika.

Mikutano yetu hufanyika mbele ya nyumba yangu. Si kwa heshima yangu. Ni kwamba mtaa mzima hauna mahali pengine tambarare pa kuweka kiti. Watu walikuja wote, maana asiyekuja hutozwa faini, na hiyo ilikuwa siku ambayo hata wasingetozwa wangekuja. Bi Wilma alikaa mezani, mhuri mbele yake. Mimi nikasoma orodha ya majina, na kila mtu akaitika "Nipo" akitazama viatu vyake.

Encarna hakungoja zamu.

"Majirani, nawauliza! Ni mjinga gani anatoa kiwanja chake bure, halafu anajenga juu yake? Nionyesheni nimjue!"

Akamgeukia yule mjane.

"Basilia, mtoto wako nilimnyonyesha ulipougua. Sema. Uliwahi kuona uwanja hapa?"

Basilia alivuta shali mpaka mdomoni. "Encarna, dada yangu, mimi nina paa moja tu."

"Paa lako linahusikaje?"

"Mwenyekiti," alisema Bi Wilma, "nadhani ni haki waelezwe." Akaeleza yeye mwenyewe, kwa sauti ya ofisini. Saini ya Encarna ikiwa ya uongo, utoaji wa ardhi umekufa. Utoaji ukifa, ramani ya mtaa imekufa nao, na hati zote themanini na tatu zitarudi mezani kwake.

Niliona Encarna akihesabu nyuso. Akamwona Zenobio. Akawaona wazee waliotubebea mawe. Kisha kidevu chake kikainuka, nami nikajua hajasalimu amri.

"Nasikitika," alisema. "Lakini sikuwadanganya mimi. Ng'ombe wale walikuwa wa mama yangu. Leteni kitabu, katibu asome."

Zenobio alikileta kimefungwa kwa kitambaa. Hakumpa Bi Wilma. Alimpa Encarna, na Encarna akanipa mimi, akanigusa bega. "Soma kwa nguvu, Fortu, wasikie wote."

Nikasoma. Nilisoma magoli, nilisoma miche, nilisoma tano kwa mbili. Watu wengine waliinamisha vichwa kama walio kanisani. Nilipofika "leo na daima" nilijifanya nakohoa.

"Mwandiko huo ni wa nani?" aliuliza Encarna polepole.

"Wangu."

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Mimi ndiye katibu, Encarna."

Bi Wilma alinyoosha mkono, akakichukua kitabu, akakilaza mezani mbele ya mke wangu. "Mama Encarnación Poma. Hii saini ni yako?"

Encarna aliinama. Alipitisha kidole juu ya jina lake, taratibu, mpaka kwenye ule mkia uliokunjwa mwishoni. Kidole kikasimama hapo. Ni mara ngapi amenikatia uzi wa mkia kama ule mezani kwangu? Ndivyo ninavyomalizia kila joho ninalodarizi, miaka yote. Niliuiba kwake na yeye alikuwa akijivunia.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Alinigeukia, akaniuliza kwa Kiaymara, lugha ya nyumbani ambayo Bi Wilma haielewi, "Nilikuwa ziwani, siyo?"

"Ulikuwa ziwani," nilisema.

"Mama alikuwa karibu kufa, nami nilikuwa namlisha kwa kijiko."

"Ndiyo."

Nyuma yake Doña Leocadia alikuwa kwenye kigoda chake, amefumba macho. Nayra alikuwa ameshika mkono wa bibi yake, ananitazama kama anayetafuta jina la mtu aliyewahi kumjua.

"Mama?" alisema Bi Wilma. "Nahitaji jibu. Tufanye hivi. Andika jina lako hapa pembeni. Zikilingana ni yako, nagonga mhuri, shauri limekwisha. Zisipolingana, nitajua la kufanya, na polisi pia."

Akaweka kalamu mezani.

Sijui kama mmeelewa ubaya wake, ndugu zangu. Ile ya uongo niliiiga vizuri mno. Encarna akisaini kwa ukweli wake wote, zitalingana. Atakuwa amenifunika mimi na mtaa mzima, na kesho yake tingatinga litakuwa mlangoni. Ili ukweli ujulikane, ili nyumba ya ng'ombe wa mama yake isimame, ni lazima yeye naye adanganye, na mimi niende nikatafune ule mkate.

"Encarna," nilisema, "fanya unachotaka." Ndiyo maneno pekee ya maana niliyoyasema wiki nzima, na yalitoka madogo.

Basilia alikuwa analia kwenye shali. Don Zenobio alikuwa amevua kofia.

Encarna aliichukua kalamu kwa mkono wa kulia, ule anaoandikia. Akaiweka juu ya karatasi. Akatazama ukuta wetu, pale ambapo ile X nyekundu imeanza kutokeza tena chini ya chokaa. Akanitazama mimi.

Kisha akaihamishia mkono wa kushoto.